Maandishi Yasiyosikika: Uhakiki wa Faili za Kufundishia Kiswahili Kasese na Bwera

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, diwani au kitabu kipya cha sarufi. Safari hii tunahakiki kitu kisicho na jalada wala jina la mwandishi, ingawa kinatumiwa na wanafunzi wengi kuliko diwani yoyote tuliyowahi kuijadili hapa. Nacho ni faili za Kiswahili ambazo walimu hupeana kwa simu na kwa flashi. Tumeangalia hasa zile zinazozunguka katika shule za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ambako wanafunzi wa idara yetu huenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Hatukuzisoma kwa macho. Tulizisikiliza kwa programu ya kusoma skrini, kama anavyolazimika kuzisikiliza mwanafunzi asiyeona, na hukumu yetu ni kwamba nyingi hazisomeki.

Jambo hili si dogo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kabla ya hapo, ijapokuwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikwisha kukitangaza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mwanafunzi aliyeshindwa na ugumu wa vifaa aliweza kuliacha somo na kuchagua jingine. Sasa njia hiyo imezibwa. Ukimlazimisha mtu kusoma, huna budi kumpa kitu kinachosomeka.

Wapo watakaosema kwamba huko magharibi Kiswahili chenyewe ni kigeni, kwa hiyo tuanze na wanaoona, wengine watafuata. Hoja hii haiijui Kasese. Reli ilifika mjini hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ule uliwakusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali waliohitaji lugha ya kuelewana. Bwera nayo iko karibu kabisa na mpaka wa Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, na huko Kongo Kiswahili ndicho cha sokoni, cha kanisani na cha kupatana bei. Mtoto asiyeona aliyekulia Bwera huenda masikio yake yamekizoea Kiswahili kuliko ya mwenzake wa Kampala mwenye macho mawili. Lugha anayo. Anachokosa ni maandishi. Wala upofu wenyewe si mgeni wilayani humu, kwani bonde la mto Nyamugasani lilikuwa mojawapo ya maeneo ya Uganda yaliyosumbuliwa na ugonjwa wa upofu wa mtoni.

Tueleze kwanza tulivyofanya. Tulitumia NVDA, programu huria ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, na kuendelezwa naye pamoja na James Teh, ambaye pia haoni. Haiuzwi. Zamani programu iliyotawala ilikuwa JAWS, ambayo katika miaka ya 2000 bei yake ilikuwa karibu dola 900 za Marekani au zaidi kwa kompyuta moja, fedha ambazo shule ya kijijini isingethubutu hata kuzitaja. NVDA huja na sauti za eSpeak, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Kikonzo, lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Kasese, hakimo. Kwa hiyo kwa mtoto huyu Kiswahili kina nafasi ya pekee, maana kompyuta haiwezi kumsomea kwa lugha ya mama yake, ila kwa Kiswahili inaweza. Sauti yenyewe ni ya bati, haipumui, na katika neno "barabara" haiwezi kujua kama unazungumzia njia ya magari au unasema kwamba jambo ni sawasawa. Hata hivyo, kwa kuwa tahajia yetu inafuata matamshi kwa karibu sana, inaeleweka. Wanaosoma Kiingereza kwa sauti kama hiyo wana taabu kubwa zaidi.

Kundi la kwanza la faili, na ndilo kubwa, halikutoa sauti yoyote. Ni kurasa za vitabu zilizopigwa picha au kuskaniwa, kisha zikafungwa pamoja katika faili moja. Jicho linaona ukurasa wa ufahamu, maswali na zoezi la ngeli. Kompyuta inaona picha tu, kama ambavyo ingeona picha ya ng'ombe, na msomaji anaambiwa kwamba hati ni tupu. Tabia hii ilishika mizizi wakati shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, walimu walipolazimika kupeleka masomo kwa njia yoyote iliyokuwa karibu. Wakati ule kupiga picha ukurasa na kuutuma kwa WhatsApp kulikuwa msaada. Tatizo ni kwamba dharura imekwisha na desturi imebaki.

Picha hizo zina hasara nyingine ambayo hata anayeona anailipia. Faili ya picha za kurasa huwa nzito mara nyingi kuliko maandishi yenyewe, na tangu Julai 2021 kila kifurushi cha intaneti Uganda kinatozwa ushuru wa asilimia 12. Mwalimu wa Bwera anayepakua picha za kurasa arobaini analipia kitu ambacho kingemfikia kwa senti chache kama kingekuwa maandishi.

Najua baadhi ya walimu wenzetu watajibu kwamba simu za siku hizi zinaweza kutambua herufi ndani ya picha. Ni kweli, na hata programu huria ya Tesseract inakifahamu Kiswahili. Lakini anayetumia njia hiyo kwa mpangilio wa Kiingereza, na wengi ndivyo wanavyofanya, hupata maneno yetu "yamesahihishwa" kuwa ya watu wengine. Katika lugha ambayo herufi moja hubadili ngeli, nafsi au wakati, kosa moja katika kila mstari si jambo la kuvumilia. Sarufi haifundishiki kwa kubahatisha.

Kundi la pili ni faili zenye maandishi halisi, nyingi zikiwa zimechapwa kwa Word. Hapa tulitarajia nafuu, nayo ilikuwepo kidogo, lakini ndipo yalipojitokeza makosa yanayotuhusu sisi watu wa lugha kuliko wanavyohusika watu wa kompyuta.

La kwanza ni lugha ya hati. Kila faili hubeba ndani yake alama inayosema maandishi haya ni ya lugha gani. Mchapaji asipoigusa, hubaki Kiingereza cha Marekani. Programu ya kusoma ikiitii alama hiyo, inayasoma maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Hapo "pale" inatoka "peli", "wake" inatoka "weki", na "mate" ya mdomoni yanageuka "meti". Mwanafunzi anasikia lugha isiyo ya dunia hii na kudhani kompyuta imeharibika. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja: chagua maandishi yote, fungua orodha ya lugha, weka Kiswahili. Hazina ya Unicode inayotumiwa na watengenezaji wa programu inakitambua hata Kiswahili cha Uganda na cha Kongo, kando ya kile cha Tanzania na cha Kenya. Sisi tunaogombana kila kongamano kuhusu usanifu wa lahaja tungepaswa angalau kuiambia kompyuta kwamba hiki tunachoandika ni Kiswahili.

La pili ni lile king'ong'o letu maarufu. Katika "ng'ombe" na "ng'ambo" kuna kialama cha juu, ambacho kwa kompyuta kinaweza kuwa mojawapo ya herufi kadhaa tofauti: kilichonyooka, kilichopinda kulia, au kilichopinda kushoto. Word hupenda kukipinda yenyewe bila kuulizwa. Jicho halijali. Sauti inaweza kulikata neno katikati, na mwanafunzi anayetafuta "ng'ombe" katika kamusi ya kompyuta anaweza kuambiwa hakuna. Tunashauri kialama kilichonyooka kitumike katika vifaa vyote, hadi pale wenye mamlaka ya usanifishaji watakapotoa neno.

La tatu lilitushangaza zaidi, kwa sababu limo karibu katika kila karatasi ya maswali. "Eleza maana ya maneno yaliyopigiwa mstari." Programu ya kusoma skrini, katika mpangilio wake wa kawaida, haitaji mistari iliyo chini ya maneno. Inasoma kifungu kizima kwa sauti ile ile, kisha inasoma swali, na mwanafunzi anabaki anajiuliza ni maneno yapi. "Jaza nafasi zilizoachwa wazi" ina balaa lake pia: mstari wa pengo mara nyingi hautamkwi, na sentensi inasikika kana kwamba imekamilika. Ukimwandikia "Mtoto, pengo, anacheza" kwa mstari mtupu, anachosikia ni "Mtoto anacheza", naye anashindwa kuelewa kosa liko wapi. Dawa ni kuandika neno "pengo" lenyewe na kuyapa maneno yanayoulizwa namba. Hakuna programu inayohitajika hapo, wala fedha. Inahitajika tu mtungaji wa maswali ajue kwamba kuna mtu anayesikiliza.

Shairi sasa. Sote tunafundisha kwamba ushairi wetu ulitungwa usikike. Basi tulitarajia ushairi ndio uwe na nafuu kuliko yote. Sivyo. Waandaaji wengi hupenda kuupanga ubeti wa tarbia katika safu mbili, ukwapi upande wa kushoto na utao upande wa kulia, ili vina vya kati vionekane vimepangika wima. Kwa macho inapendeza. Programu ya kusoma hushuka safu ya kwanza hadi mwisho, ndipo ipande tena juu ya safu ya pili. Mwanafunzi anasikia ukwapi wa mishororo yote minne, kisha utao wa mishororo yote minne. Vina vinalingana kabisa na maana imetoweka. Mmoja wa wenzetu katika idara alisema kwa mzaha kwamba kuna washairi wa kisasa ambao wasingegundua tofauti. Mzaha mzuri, lakini mtihani utauliza dhamira. Ubeti uandikwe mshororo kwa mshororo, na koma katikati, kama ulivyoandikwa siku zote.

Tumezoea katika uhakiki kutenganisha fani na maudhui, na mara nyingi huwaonya wanafunzi wasiyapuuze maudhui kwa kuvutiwa na fani. Katika faili mambo yamegeuka. Maudhui yapo, tena mazuri, ila fani imeyafungia ndani. Na fani ya faili ni nini? Ni umbizo lake: kanuni zinazoamua kichwa cha habari kiwekwe vipi, jedwali liwekwe vipi, lugha itajwe wapi, na picha iambatane na maelezo gani. Kanuni hizo zikiwa siri ya kampuni moja, mtengenezaji wa programu ya wasioona anabaki kubahatisha. Zikiwa zimechapishwa, na kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia bila kulipia haki hiyo, tunaziita kiwango huria. Umbizo huria la nyaraka, lile linalotumiwa na OpenOffice na LibreOffice, lilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006. Umbizo jipya la Word likafuata njia hiyo ya ISO mwaka 2008.

Watetezi wa programu huria hupenda kuishia hapo, kana kwamba uhuria ukishapatikana kila kitu kimepatikana. Hatukubaliani nao, na historia iko upande wetu. Mwaka 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliamua kwamba nyaraka za ofisi zake zihamie umbizo huria kuanzia Januari 2007. Waliosimama kupinga hawakuwa kampuni zenye maslahi peke yake. Wafanyakazi wasioona walipinga pia, kwa sababu programu za umbizo lile zilikuwa hazielewani na visoma skrini vyao, na kwao uhuria ule ulimaanisha kupoteza kazi. Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Kwa kuwa kanuni zilikuwa wazi, kamati ndogo iliundwa ndani ya OASIS, ikachunguza penye mapungufu, na Februari 2007 likatolewa toleo la 1.1 lililorekebishwa kwa ajili ya wasioona, kwa mfano katika kuweka maelezo ya picha. Uhuria haukuwapa wasioona maandishi. Uliwapa mahali pa kulalamikia na mlango wa kuingilia kurekebisha. Faida ya kiwango huria ni hiyo, si zaidi, nayo si haba.

Huku kwetu, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Sisi walimu wa lugha tunaukumbuka mradi ule kwa istilahi zake: "faili", "hariri", "umbizo" na nyinginezo tulizozibishania. Ni mchango wa kuheshimiwa. Lakini menyu ya Kiswahili ni kitu kimoja na hati ya Kiswahili inayosomeka ni kitu kingine, na katika vyuo vyetu la kwanza limezungumzwa kuliko la pili.

Kuna swali la haki za wachapishaji, ambalo tutalipitia haraka. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliruhusu kazi kunukuliwa kwa nukta nundu au lugha ya alama kwa ajili ya elimu ya wenye ulemavu. Ilitaja nukta nundu, haikuzungumzia faili inayosomwa kwa sauti. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ni mpana zaidi, unagusa nakala za aina yoyote zinazomfaa asiyeona na unaruhusu zibadilishwe kati ya nchi wanachama. Kenya imo tangu 2017, Uganda tangu 2018, Tanzania tangu 2020. Vitabu vyetu vingi vya Kiswahili hutoka Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo nakala ikishatayarishwa vizuri Tanzania hakuna sababu ya kuichapa upya Kasese. Tunawasihi wakutubi wa vyuo walifuatilie jambo hili, maana mkataba unazungumza na taasisi, hauzungumzi na mwalimu mmoja mwenye simu.

Tumeulizwa kama si afadhali kushughulikia nukta nundu kwanza. Nukta nundu haina mbadala kwa kujifunza tahajia, na anayeitupa kwa sababu ya kompyuta hajui anachokitupa. Lakini kitabu kimoja cha nukta nundu huwa majuzuu kadhaa, mazito, na mashine ya kukichapa haipatikani kila wilaya. Zaidi ya hayo, mashine hizo siku hizi hulishwa kwa faili. Faili ya picha haichapiki kwa nukta nundu, ile ya maandishi yenye vichwa na mafungu inachapika. Anayetayarisha hati vizuri kwa ajili ya sikio ameitayarisha kwa ajili ya vidole pia.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi wa kuridhisha, na tunaliweka mezani kwa wasomaji. Ni uchanganuzi wa sentensi kwa michoro ya matawi. Katika faili zote tulizosikiliza mchoro wa matawi ulikuwa picha isiyo na maelezo, na hata ukiwekewa maelezo, hayo huwa marefu kiasi cha kumpotezea msikilizaji njia. Wengine wanapendekeza jedwali. Jedwali husikika vizuri likiwa la mistari miwili mitatu, lakini sentensi changamano hulivuruga. Sisi tumejaribu mabano: S, ndani yake KN na KT, ndani ya KN nomino, ndani ya KT kitenzi na kielezi. Sentensi "Mtoto anacheza uwanjani" inakuwa S[KN[N mtoto] KT[T anacheza E uwanjani]], na kisoma skrini, kikipangwa kutamka mabano yote, kinaitoa bila kuacha kitu. Mwanafunzi mwenye mazoezi anaweza kuichapa mwenyewe na mwalimu akaisahihisha. Wataalamu wa isimu wanajua kwamba mabano na matawi hubeba taarifa ile ile. Ila karatasi ya mtihani ikiandika "chora matawi", na msahihishaji akawa na alama za mchoro peke yake, mwanafunzi aliyejibu kwa mabano atapata sifuri kwa jibu sahihi. Tungependa kusikia kutoka kwa walimu waliowahi kusahihisha jibu la namna hiyo: mlitoa alama ngapi, na kwa kigezo gani?